Ndoo ya jikoni, gunia la kavu: shajara ya kutenganisha taka Kaptembwo

Kabla ya kuanza

Mimi ni katibu wa kikundi cha watu tisa tunaozoa taka za nyumba katika mtaa wa Kaptembwo, magharibi mwa jiji la Nakuru. Miaka yote utaratibu wetu umekuwa mmoja. Kila nyumba ina gunia, Jumamosi tunalibeba kwa mkokoteni hadi barabarani, lori linachukua na kupanda Gioto, kwenye jaa lililo mteremkoni mwa Menengai. Maganda ya viazi, nepi, vioo, majivu ya jiko, daftari za watoto, vyote gunia moja.

Sasa tunabadilisha. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe hapo hapo zinapotoka, zinazooza kando na zisizooza kando, na inazitaka kaunti ziweke miundombinu ya kupokelea na kuchambua vinavyoweza kutumika tena. Uzoaji taka wenyewe ulikabidhiwa kaunti na Katiba ya 2010. Wazee wa hapa bado wanaita kaunti "kanjo", na kila mkutano kuna anayesimama kuuliza kanjo inangoja nini. Ana haki ya kuuliza. Nami nina swali la kuongezea: siku lori la kaunti litakapokuja na sehemu mbili, ya zinazooza na ya kavu, litakuta nini mlangoni? Likikuta gunia lile lile la mchanganyiko, sehemu zake mbili zitakuwa za bure. Kwa hiyo tumechagua ploti sita, yaani majengo ya kupanga, zenye nyumba 81, tukaamua kuanza kabla hatujalazimishwa.

Lengo tumeliandika kwa chaki kwenye ukuta wa stoo: chenye kazi kisifike Gioto.

Wiki ya 1

Tumepita nyumba kwa nyumba kila jioni, watu wakisharudi kazini. Siku ya kwanza tulisema "taka za kikaboni", kama zinavyoitwa kwenye karatasi za serikali. Watu walitutazama tu. Siku ya pili tukasema "zinazooza", na hapo mjadala ukawaka. Nepi inaoza? Karatasi je? Na fulana ya pamba iliyochakaa?

Aliyetutoa gizani ni mama wa ploti ya pili anayeuza mboga kwenye kona. "Waulizeni kama kuku au ng'ombe anaweza kukila," alisema. "Akikila, ndooni. Asipokila, guniani." Tangu siku hiyo hatujasema lingine. Kuku hali kokwa la parachichi wala ng'ombe hapendi ganda la limau, na vyote viwili vinaoza, lakini hilo si kitu. Mtoto wa miaka saba anaielewa kanuni hii mara moja, na katika nyumba nyingi za hapa mtoto ndiye anayetumwa kumwaga taka.

Nimeona pia kwamba watu wetu wanatenganisha tangu zamani, ila hawaliiti hilo kutenganisha. Jerikeni ya mafuta ya kupikia ikiisha inatekewa maji. Mkebe wa mafuta ya Kasuku unapimia unga. Pakiti za maziwa zinatobolewa na kupandwa miche ya sukuma wiki. Chupa za plastiki zinapelekwa kwa anayeuza sabuni ya maji. Guniani kinaingia kile ambacho mwenyewe haoni tena kazi yake, na kazi tuliyo nayo ni kumwonyesha kazi ya ganda la ndizi. Usafi hahitaji kuhubiriwa. Koridoni kwake panafagiliwa mara mbili kwa siku.

Wiki ya 2

Kabla ya kugawa ndoo tulitaka kujua tunabeba nini. Tukachukua magunia ya ploti mbili, nyumba 27, taka za wiki nzima, tukayamwaga juu ya turubai tukiwa na glavu, gambuti na barakoa, tukachambua na kupima kwa mizani ya kuning'iniza. Kwa jumla zilikuwa kilo 212. Za jikoni zilikuwa 131, majivu na vumbi 26, nepi 24, plastiki za kila aina 14, na karatasi, nguo na vioo kwa pamoja 17.

Nilikaa na karatasi hiyo usiku kucha. Miaka yote nimeamini adui ni plastiki, kwa sababu ndiyo inayoning'inia kwenye ua na kuziba mitaro. Kumbe mgongoni tulikuwa tunabeba maganda. Makadirio ya serikali kwa nchi nzima hayako mbali na yetu, maana yanasema zinazooza ni kati ya asilimia 60 na 70 ya taka zote. Na hizo ndizo zinazonuka, zinazoita panya, zinazolowesha karatasi mpaka mnunuzi azikatae, zinazotoa ile gesi inayofanya jaa liwake na kufuka moshi. Ukiziondoa zikiwa bado nyumbani, zilizobaki ni nyepesi, kavu, na nyingi zinauzika.

Hivyo tumebadili mpango. Tulitaka kuanza na chupa. Tutaanza na jikoni.

Wiki ya 3

Ndoo zimegawiwa, zilizokuwa za rangi ya kupaka nyumba, za lita nne, tulizookota na kununua kwa mafundi, tukazisugua kwa sabuni na mchanga. Wengine walitaka za lita 20, lakini ndoo kubwa hivyo inakula nafasi ya chumba kimoja, tena inamfanya mtu akae na taka wiki mbili.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tusigawe mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikatoa ilani kwamba taka zinazooza zisitiwe tena katika mifuko ya kawaida ya plastiki ya kutupia taka, bali katika ile inayooza yenyewe kabisa. Mifuko ya aina hiyo si mzigo wa kumtwika mpangaji anayelipa shilingi mia moja kwa mwezi kuzolewa taka. Ndoo ina kifuniko, inaoshwa, inarudi. Chini tunatandika gazeti moja ili isigande.

Keateka wa ploti ya nne alikataa ndoo zisikae koridoni. Tumekubaliana ziwe chini ya ngazi, na yeye ndiye ashike ufunguo wa bomba la kuzioshea. Tangu apewe ufunguo huo amekuwa mtetezi wetu mkubwa.

Wiki ya 4

Nyumba 66 kati ya 81 zimetoa ndoo. Sikutegemea.

Mwenye ploti ya kwanza ametupa kipembe nyuma ya vyoo vya zamani. Hapo tumeanza rundo la mboji, mita moja kwa mita moja, na kimo mita moja, maana likiwa dogo kuliko hapo halishiki joto. Siku nne za kwanza lilinuka vibaya mno. Jirani wa upande wa pili alikuja kutuambia, kwa upole kuliko tulivyostahili, kwamba watoto wake hawali chakula cha jioni.

Kosa lilikuwa letu. Tulirundika maganda na mabaki ya ugali bila kitu kikavu, hewa ikakosa njia, rundo likachacha. Tumelifumua lote, tukaongeza vumbi la mbao kutoka kwa seremala, majani makavu na magunzi ya mahindi yaliyopondwa. Kwa kila ndoo ya jikoni sasa tunatia karibu ndoo mbili za kavu. Vumbi la mbao zilizopakwa dawa tumelikataa. Unyevu tunaupima kwa kiganja: ukikamua konzi moja yatoke matone mawili matatu, yasitiririke. Baada ya siku tatu harufu iliisha. Jirani amerudi kuangalia, na safari hii alikuja na maganda yake.

Kipimajoto hatuna. Tunachomeka nondo katikati ya rundo, tunaiacha dakika kumi, kisha tunaishika. Isiposhikika kwa zaidi ya muda mfupi, joto limefika panapohitajika, zaidi ya nyuzi 55, na hapo vijidudu vingi vya maradhi na mbegu za magugu hufa.

Wiki ya 5

Wiki mbaya kuliko zote.

Kile kipembe hakiwezi kumeza ndoo za ploti zote sita, kwa hiyo tulipatana na lori tunalokodi kwamba za ploti tatu zibebwe upande mmoja, kavu upande wa pili, turubai katikati, na lishushe zinazooza kwa mkulima kabla ya kupanda Gioto. Tulilipia nyongeza. Jumamosi lori lilichelewa saa tatu. Wapakiaji walikuwa na haraka, turubai halikufungwa, na mbele ya macho ya ploti nzima wakachukua ndoo zilizotengwa kwa siku saba wakazimwaga juu ya magunia yale yale ya kavu. Watu walikuwa wameegemea reli za ghorofani wakitazama. Mimi nilikuwa ploti ya sita. Nilifika mzigo ukiwa umeshachanganyika.

Shosho, bibi mzee wa ploti ya tano, ambaye alikuwa akikata maganda yake vipande vidogo ili yaoze upesi, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa, kijana wangu, mimi nilikuwa natenganisha ya nini?"

Sikuwa na jibu, na sikutaka kumpa la uongo. Nilimwomba msamaha.

Jioni kikundi kilikaa. Wapo waliosema tumwandikie mwenye lori, na tumeandika. Ila hasira yetu kwa lori haimrudishi shosho. Mpangaji hasomi sheria ya 2022 wala hajali chati yetu ya ukutani. Anasoma kitu kimoja, ndoo yake inapoondoka mlangoni inaelekea wapi. Akiona imechanganywa mara moja, kila tulichomwambia tangu wiki ya kwanza kinageuka maneno.

Wiki ya 6

Ndoo 29.

Tumepita tena nyumba zote 81, safari hii bila karatasi. Tuliwaambia kilichotokea na tunachobadilisha. Kuanzia sasa zinazooza na kavu hazitatembea barabarani siku moja wala kwa chombo kimoja. Ndoo zitachukuliwa Jumatatu na Alhamisi kwa mkokoteni wetu wenyewe, tuliopaka rangi ya kijani, usiobeba kitu kingine chochote. Kavu ni Jumamosi, kwa lori. Hata mpakiaji akitaka kuchanganya, hatakuwa na cha kuchanganya.

Gharama imepanda, kwa kuwa mkokoteni unaenda mara mbili kwa wiki hadi kwa mkulima wa upande wa Barut aliyekubali tujenge marundo matatu shambani kwake, nasi tugawane mboji. Vijana wawili wa kikundi wanasukuma. Barabara ni ya vumbi, na jina lenyewe la Nakuru linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, kwa hiyo wanarudi weupe kama waliotoka kinuni. Tumekubaliana posho yao iongezwe kabla ya ya viongozi. Nimelisisitiza hilo, na nitaendelea.

Wiki ya 7

Mvua. Hatukukusanya Alhamisi, mkokoteni ulikwama. Marundo tumeyafunika kwa majani ya migomba na turubai kuukuu.

Mvua ilipotulia niliufuata mtaro kwa miguu kutoka mtaani kwetu kuteremka upande wa Rhonda, kuelekea Mto Njoro. Nilitaka kuona. Gunia moja lililopasuka kona ya juu, chini linakutana na mengine kumi. Mto Njoro unaingia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji yake yanapungua kwa jua peke yake. Chochote tunachokiachia mtaroni kikifika kule, kinabaki kule. Ziwa hilo limo katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 1990 na katika urithi wa dunia tangu 2011, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuona ndege wake. Mimi nimezaliwa kilomita chache kutoka hapo na ndiyo mara ya kwanza nimeufuata mtaro wetu nikijua unakwenda wapi. Niliumia.

Wiki ya 8

Ndoo 47. Zinarudi taratibu, na ya shosho imo.

Gunia la kavu sasa ni kavu kweli, na hilo limetufungulia kazi nyingine. Mnunuzi wa plastiki aliyekuwa akitukatia bei kwa sababu ya uchafu amekubali kupima bila kukata. Kijana mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga plastiki alitufundisha namna ya kutambua aina ya plastiki bila kutafuta namba iliyochapwa juu yake. Tia kipande kwenye ndoo ya maji. Plastiki ya chupa ya soda na ya maji ya kunywa, ile yenye namba 1, inazama. Ya jerikeni, namba 2, na ya ndoo na vikombe vya mtindi, namba 5, zinaelea. Ndiyo sababu vifuniko hung'olewa: chupa inazama, kifuniko kinaelea, navyo huuzwa mafungu tofauti.

Vioo bado hatujapata wa kuvichukua kwa bei ya maana. Tunavihifadhi ndani ya pipa.

Moto ulituotea Jumanne. Mtu alimwaga majivu ya jiko yakiwa na kaa hai ndani ya gunia la kavu, ploti ya tatu, usiku. Keateka aliuzima kwa ndoo mbili za maji kabla haujashika mlango. Hakuna aliyeumia. Kesho yake tulinunua mikebe ya bati, mmoja kila koridoni, kwa ajili ya majivu peke yake, na majivu yanalala humo hadi asubuhi. Machache tunayatia kwenye mboji, konzi konzi, kwa kuwa yakizidi udongo unakuwa na chumvichumvi.

Wiki ya 9

Nepi. Kuku hawezi kuzila na mnunuzi hazitaki. Tuliposema ziingie gunia la kavu, zilichafua kila kitu na wachambuzi wetu wakaanza kuugua matumbo. Tumetoa gunia la tatu, dogo, jeusi, kwa nyumba zenye watoto wachanga tu, nyumba 19. Hilo linaenda Gioto moja kwa moja bila kufunguliwa na mkono wa mtu.

Akina mama watatu walitueleza, pembeni, kwamba wanaona haya gunia hilo kuonekana mlangoni kwao. Wana haki. Sasa linachukuliwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla koridoni hakujachangamka, na anayelichukua ni mwanamke wa kikundi chetu. Sikuwahi kufikiri kwamba ratiba ya kuzoa taka ni jambo la heshima ya mtu, na ilinipasa nifikiri tangu wiki ya kwanza.

Wiki ya 10

Ndoo 63. Mfugaji wa nguruwe amekuja kuomba ndoo zote, na bei yake ni nzuri. Tumekataa, walau kwa sasa. Makombo yenye mabaki ya nyama ya nguruwe yakilishwa nguruwe bila kuchemshwa ni njia mojawapo ya kusambaza homa ya nguruwe ya Afrika, na ugonjwa huo hauna tiba. Hatuna namna ya kujua kila nyumba imekula nini. Wenzangu wawili hawakufurahi, na naelewa, fedha zilikuwa hapo mezani.

Wiki ya 11 na ya 12

Kugeuza marundo, kumwagilia, kugeuza tena. Nondo inatoka vuguvugu tu sasa.

Tulimwalika mwakilishi wadi aje aone. Alikuja, akakaa saa nzima, akashika mboji kwa mkono wake. Tumemwomba jambo moja, kwamba pakiwekwa chombo cha kaunti cha kukusanyia taka mtaani, viwekwe viwili mbali mbali, na visizolewe siku moja. Tulimsimulia habari za wiki ya tano bila kuficha.

Wiki ya 14

Rundo la kwanza limeiva. Limeshuka kutoka kimo cha kifua hadi chini ya goti, jeusi, linanukia msitu baada ya mvua. Tumelichekecha kwa wavu wa kuku tulioukunja mara mbili. Vipande vilivyobaki juu ya wavu, magunzi na makokwa, vimerudi kwenye rundo jipya. Tumeokota pia vijiko vitatu, funguo, na sarafu ya shilingi ishirini.

Kabla ya kuuza tulipanda mahindi na maharage kwenye mikebe sita, mitatu yenye mboji na mitatu ya udongo mtupu wa hapa, kuona kama mboji imekomaa, kwa sababu mbichi huunguza mizizi. Yote yameota. Ya kwenye mboji yana majani mapana zaidi.

Gunia la kwanza hatukuliuza. Tulilipeleka ploti ya tano, kwa shosho, aliye na magunia manne ya managu na sukuma wiki kwenye uwazi mdogo mbele ya mlango wake. Alitia mkono ndani, akaikamua mboji, akainusa. Akasema, "Haya ni yangu kweli?" Nikamwambia ni yake na ya jirani zake. Akaniambia nikae, akanipa chai.

Wiki ya 15

Ndoo 70 kati ya 81. Nyumba tano zimehama, na wapangaji wapya hawajapewa ndoo. Hilo sasa ni jukumu la keateka, apewe ndoo tano za akiba kila ploti. Nyumba sita zimesema hazitaki, na tumeziacha kwa amani.

Mwenye ploti ya saba amekuja mwenyewe kuuliza. Nyumba 14. Jumatatu: kusugua ndoo 14, kutengeneza tairi ya kushoto ya mkokoteni wa kijani, kumwona seremala kuhusu magunia mawili zaidi ya vumbi la mbao. Alhamisi mama wa mboga atakuja nami ploti ya saba, awaeleze ile habari ya kuku na ng'ombe kwa mdomo wake.